Namba Isiyo na Pa Kuanzia

Nina ugomvi na mwalimu mwenzangu. Kwa kuwa ugomvi wa walimu ukiachwa ofisini huishia kwenye kununiana tu, nimeona afadhali niutoe hadharani, msomaji auamue. Jina lake silitaji, wala shule yake siitaji. Si mtu mbaya. Ni kijana mchapakazi, anafundisha hisabati, na hachelewi kipindi. Lakini siku moja mwaka jana alichana kurasa mbili za daftari la mjukuu wangu mbele ya darasa zima, akasema kwamba zilikuwa na upuuzi wa mchezo wa kompyuta. Baadaye katika mkutano wa wazazi alisimama akapendekeza kwamba mtoto yeyote atakayekutwa na maandishi ya michezo hiyo aadhibiwe. Wazazi walipiga makofi. Nilikuwa nimeketi pale nyuma, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kunakoniandikisha leo.

Nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba kwa miaka yote niliyoshika chaki, na mingine zaidi niliyokuwa mkuu wa shule na mkufunzi wa chuo cha ualimu, mimi mwenyewe ningezichana kurasa zile. Pengine ningeongeza na viboko viwili. Kwa hiyo sisemi kama mtakatifu anayemshutumu mwenye dhambi. Nasema kama mwizi aliyestaafu anayezijua njia zote za kuingilia nyumbani.

Kurasa zile mtoto alizileta nyumbani amezikunja mfukoni. Zilikuwa na mistari ya namba tatu tatu. Mstari mmoja ulisomeka hivi: −212, 64, 385. Pembeni aliandika “nyumba”. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, −27, 70, 48, na pembeni ameandika “mlango wa chini”. Nilimwuliza maana yake. Akanitazama kwa ile huruma ambayo wajukuu huwapa wazee, akaniketisha mbele ya kompyuta ya mjomba wake.

Mchezo wenyewe unaitwa Minecraft. Ulianzia Sweden, na toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2011. Ulimwengu wake wote umejengwa kwa matofali ya mraba, kila tofali likihesabiwa kuwa na urefu, upana na kina cha mita moja. Ni nchi kubwa mno, ina milima na bahari na misitu, na mtu akipotea humo amepotea kweli. Kitu kinachoweza kumrudisha nyumbani ni namba tatu. Ya kwanza inasema umekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Mashariki ni chanya, magharibi ni hasi. Ya pili inasema uko juu kiasi gani. Ya tatu inasema umekwenda umbali gani kusini au kaskazini, na hapo kusini ndiyo chanya.

“Kusini?” nikamkatiza. “Kwenye karatasi ya grafu tunapanda kwenda juu, na juu ya ramani ni kaskazini.”

“Babu, hao waliotengeneza wameamua hivyo. Ukishajua walivyoamua, hupotei.”

Hebu tulia hapo, msomaji. Katika sentensi mbili mtoto wa miaka kumi na miwili alisema jambo ambalo sikumbuki kulisema darasani hata mara moja. Nilifundisha mhimili wa x na mhimili wa y kana kwamba vilishuka pamoja na Amri Kumi. Wanafunzi wangu walijua kuchora nukta (3, 4) lakini hawakujua kwamba mahali pa kuanzia ni mapatano ya watu, kwamba upande ulio chanya ni mapatano, na kwamba ukubwa wa hatua moja nao ni mapatano. Walijua jozi ya namba. Hawakujua mahali. Hivi ni vitu viwili tofauti, kama vile jina la mtu lisivyokuwa mtu mwenyewe.

Nikamwambia anionyeshe zaidi. Matofali ya mchezo huo yamegawanywa katika mafungu, kila fungu lina matofali 16 kwa 16, na kompyuta hupakia nchi fungu kwa fungu. Kujua uko fungu la ngapi unagawanya kwa 16. Tofali la 385 ukiligawa unapata 24 na baki, kwa hiyo ni fungu la 24. Rahisi. Nikataka kumwonyesha kwamba babu naye yumo. Nikasema, “Basi tofali la −1 ukiligawa kwa 16 unapata sifuri na baki, kwa hiyo liko fungu la sifuri.”

“Umekosea, Babu. Liko fungu la −1.”

Nilibisha. Mimi ni mwalimu wa hisabati tangu miaka ya sabini! Akachukua kalamu, akachora mstari. Kama kila jibu likikatwa kuelekea sifuri, alisema, basi matofali yote kutoka −15 hadi 15 yataangukia fungu la sifuri, nayo ni matofali 31. Fungu moja litakuwa karibu mara mbili ya mengine. Haiwezekani. Kwa hiyo upande wa hasi usikate kuelekea sifuri. Shuka daima kwenda namba iliyo chini. Ndiyo maana −212 iko fungu la −14, si la −13.

Nilinyamaza kwa mara ya pili mwaka ule, ila safari hii kunyamaza kulinifaa. Nimewafundisha mamia ya walimu namba hasi kwa mfano wa deni la dukani na wa ngazi ya kisima. Sikuwahi kuwauliza swali lile, nalo ni swali ambalo mtu hukutana nalo kila mara anapogawa nchi yenye pande mbili za sifuri.

Nikamwuliza basi habari za “mlango wa chini”. Akaeleza kwamba katika mchezo kuna ulimwengu wa pili uitwao Nether, wa moto, mithili ya kuzimu, na kwamba hatua moja huko ni sawa na hatua nane huku juu. Mtu mwenye safari ya mita 800 hujitosa kuzimu, akatembea mita 100, akatokea anakotaka. Lakini ili atokee mahali penyewe sharti agawe namba zake kwa nane, tena azigawe zile za ardhini tu. Namba ya kimo haigawanywi, maana kimo hakibadilishwi kati ya malimwengu hayo mawili. Kwa hiyo −212 inakuwa −26.5, ukishuka ni −27. Na 385 inakuwa 48. Ile 70 ya katikati mtoto aliichagua kwa kutazama pana nafasi wapi, hakuipata kwa hesabu.

Huku ndiko kubadili vipimo, mabibi na mabwana. Si kuzidisha kwa namba fulani kwa sababu mwalimu kasema. Ni kujua kwanza kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki. Mtoto aliyegawa zote tatu kwa nane angejikuta anajenga mlango wake mahali pasipo pake, na mchezo usingempa nusu alama ya huruma.

Kisha likaja jambo lililonifanya nicheke hadi bibi yake akatoka jikoni. Siku nzima ya mchezo huo, usiku na mchana, huchukua dakika 20 za saa yako ya mkononi. Imegawanywa katika mapigo 24,000, mapigo 20 kwa sekunde moja. Mapigo 1,000 basi ni saa moja ya mle ndani, nayo hupita kwa sekunde 50. Nikauliza: sifuri iko wapi? Usiku wa manane, kama saa za Wazungu? Hapana. Sifuri iko alfajiri, jua linapochomoza. Saa sita mchana ni pigo la 6,000. Saa sita usiku ni la 18,000. Ukiuamuru mchezo ulete mchana, unakupeleka pigo la 1,000, yaani saa moja kamili asubuhi. Ukiuamuru ulete usiku, unakupeleka pigo la 13,000, yaani saa moja kamili ya usiku. Watu wa Sweden wametengeneza mchezo unaohesabu saa kwa Kiswahili, na nadhani hawana habari!

Nakumbuka tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba saa zetu zimepinduka. Wako wasomi hadi leo wanaoona haya kusema saa mbili asubuhi mbele ya mgeni. Wanasema ni kukosea kwa saa sita. La hasha! Si kosa, ni mwanzo mwingine. Urefu wa saa ni ule ule, dakika 60. Kilichosogezwa ni sifuri. Sisi tunaanza kuhesabu pale jua linapochomoza, kama wafanyavyo Waethiopia. Wengine wanaanza usiku wa manane. Mtoto wa Kitanzania anayejua kwamba saa moja asubuhi huandikwa 7:00 kwa Kiingereza tayari amefanya kazi ya kuhamisha chanzo kabla hajafika darasa la tatu. Ana mtaji ambao watoto wengi duniani hawana. Na sisi tunafanya nini na mtaji huo? Tunamkaririsha “ongeza sita” na kuendelea na somo linalofuata.

Sasa narudi kwa mwalimu mwenzangu. Anasema mchezo ni upuuzi na hisabati ni ile iliyo ubaoni. Nami namwuliza: ni nani anayefundisha kwa upuuzi? Nilimwomba mjukuu wangu daftari lake la hesabu. Nilikuta jibu “8” limewekewa alama ya vema. Nane nini? Swali lilikuwa la urefu wa uzio. Ukurasa uliofuata alikuwa ameandika “8 m” penye swali la eneo, akakatwa nusu alama. Nusu! Kana kwamba kipimo ni pambo la jibu, kama ua kwenye shati. Mtu akikwambia umbali wa kwenda hospitali ni nane, amekwambia nini? Hajakwambia nusu ya jibu. Hajakwambia chochote.

Mwalimu atasema ni kosa dogo la watoto. Basi nimpe makosa ya watu wazima.

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Ilikuwa ikienda Edmonton na ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Mafuta hupimwa kwa lita yanapomiminwa, kwa hiyo ilibidi lita zigeuzwe kuwa uzito. Waliohesabu walizidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni sahihi kabisa, ila ni ratili kwa lita, wala si kilo kwa lita. Ya kilo ni karibu 0.8. Hesabu ikaenda vizuri, ikarudiwa, ikatoka ile ile. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika. Watu 69 waliokuwamo waliokolewa na ustadi wa rubani, aliyeishusha bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Kuzidisha hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ile nusu alama.

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Hapa kijijini kwetu, miaka michache baada ya kustaafu kwangu, niliitwa kusuluhisha shemeji wawili waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba la urithi. Mmoja alikuwa na karatasi ya zamani ya upimaji yenye namba za mawe ya mpaka. Kijana wake alizipachika namba zile kwenye simu, akatembea hadi simu ilipomwambia amefika. Akajikuta katikati ya mihogo ya mwenzake, mita zipatazo 300 kutoka lilipo jiwe. “Mmeona?” akapiga kelele. “Tumeibiwa!” Mapanga yalikuwa yamekwisha kutoka nje ya nyumba niliposhika njia kwenda huko.

Hakuna aliyeibiwa. Ramani na vipimo vya zamani vya nchi zetu za Afrika Mashariki vilifanywa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu hutumia msingi mwingine, WGS 84. Misingi hiyo haikuliweka umbo la dunia mahali pamoja, na tofauti yake kwetu huku inafikia karibu mita 300. Namba ni zile zile, mita ni ile ile, lakini chanzo si kile kile. Tulilitafuta jiwe la zamani kwa miguu na kwa kumbukumbu za wazee, tukalikuta chini ya mwembe, mahali lilipokuwa siku zote. Walioshika mapanga walikuwa watu wawili waliomaliza shule. Mmoja wao nilimfundisha mimi. Alipata alama nzuri za hesabu, na nilimpa mimi alama hizo. Namba aliijua. Hakujua kuiuliza: unahesabu kutoka wapi?

Ndiyo maana nasema jambo hili si la mchezo.

Najua hoja za upande wa pili, na si haki kuziruka. Ya kwanza ni kwamba michezo hula muda wa mtoto. Ni kweli. Mjukuu wangu akiachwa hasimami hata kula, na mjomba wake huzima kompyuta saa mbili usiku bila mjadala. Chakula kizuri nacho huvimbisha tumbo. Dawa yake ni kipimo, si kumwaga sufuria.

Ya pili ni kwamba mchezo wenyewe haufundishi. Hili nalikubali zaidi kuliko mwalimu anavyodhani. Nimewaona watoto wengine wakicheza mwaka mzima bila kuzitazama zile namba hata siku moja. Wanabomoa, wanajenga, wanapotea, wanaanza upya. Mchezo hutoa haja ya kujua. Haumtoi mwalimu kazini. Lakini mwalimu aliyepewa mtoto mwenye haja tayari, kisha akamchania daftari, amefanya kazi gani?

Ya tatu ndiyo nzito: shule zetu nyingi hazina kompyuta, na mtoto wa mkulima hana mjomba mwenye nayo. Kweli tupu. Nami sidai hata kompyuta moja. Nadai uwanja wa shule na fimbo. Chora miraba ya hatua moja moja mchangani. Weka jiwe katikati, liite sifuri. Mpange mtoto atembee tano mashariki, tatu kusini. Kisha lisogeze jiwe bila kumsogeza mtoto, uwaulize wenzake: sasa namba zake ni ngapi? Wagawe katika mafungu ya miraba minne minne, uone watakavyobishana juu ya ule mraba wa −1. Mwite mrefu na mfupi wapime uwanja huo huo kwa hatua zao, majibu yatofautiane, uwaache wagombane mpaka wao wenyewe waombe mita. Nilifanya hivyo mwezi uliopita na watoto wa jirani, nyuma ya nyumba yangu, kwa jioni mbili. Hapakuwa na umeme. Walielewa.

Sisi wa zamani tulikulia katikati ya vipimo vingi. Dukani palikuwa na ratili na wakia, barabarani maili, kwa fundi cherehani yadi na inchi, na nyumbani bibi alipima mchele kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja. Kisha zikaja kilo na mita. Ilitulazimu kuuliza kila mara, “Kwa kipimo kipi?” maana asiyeuliza alipunjwa. Kizazi cha leo kimekuta kilo moja na mita moja kila mahali, kikadhani namba inajitegemea. Ulimwengu wa matofali umewarudishia watoto swali tulilolizoea sokoni. Ni ajabu kwamba sisi tuliolizoea ndio tunaowapokonya.

Ninalolitaka ni dogo, na halihitaji mtaala mpya wala semina yenye posho. Kila namba itakayoandikwa ubaoni iulizwe maswali matatu: kutoka wapi, kuelekea wapi, kwa kipimo gani. Jibu lisilo na hayo lisipewe nusu alama, lisipewe alama kabisa, hata kama tarakimu ni sahihi. Wazazi watalalamika muhula mmoja. Muhula wa pili watoto watakuwa wamezoea, kwa sababu watoto huzoea haraka chochote ambacho mwalimu anakichukulia kwa uzito.

Kwako, mwalimu mwenzangu: kurasa zile mbili nimezibandika upya kwa gundi ya unga wa muhogo, na mtoto amerudi nazo shuleni ndani ya daftari. Nakuomba uzisome. Upande wa nyuma wa ukurasa wa pili aliandika hesabu ya kurudi nyumbani kutoka mlango wa chini, yaani kuzidisha kwa nane, akapata −216 badala ya −212, kisha akajiuliza kwa mwandiko wake mbaya: “Zile nne zimekwenda wapi?” Hilo ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kutunga katika mitihani. Mjibu. Ukishindwa, usione haya. Njoo nyumbani jioni tulijibu sote watatu, mimi, wewe na yeye.